Mtoto wa Dunguni

Ndege walikuja jua lilipoanza kuinamia upande wa Manyoni. Kwanza lilionekana doa dogo angani, doa likawa wingu, na wingu likashuka kwa mvumo kama wa mvua ya mawe inayokaribia bati. Joshua aliinuka juu ya dungu lake, lile jukwaa la miti la kulindia mpunga, kombeo mkono wa kulia, debe bovu mkono wa kushoto. Lakini kabla hajarusha hata donge moja la udongo, aligeuka kutazama tenga.

Lilikuwa tenga la kubebea kuku, kubwa, la fito. Alikuwa amelitandika shuka iliyokunjwa, akapinda fito nyingine juu yake mithili ya mbavu, kisha akazivika kipande cha chandarua alichokikata kutoka kile kikubwa cha kitandani. Pindo zake alizichomeka chini ya tenga pande zote, asiache hata upenyo wa kidole. Alikishona mwenyewe kwa sindano ya magunia. Ndani alilala binti yake, Jenifa, amevalishwa soksi na fulana ya mikono mirefu, kijasho kikimtoka puani.

"Baba Jeni! Kuku ameshataga?" mtu alipaza sauti kutoka majaruba ya ng'ambo ya mfereji.

Kicheko kikapita juu ya mpunga, jaruba hadi jaruba. Joshua aligonga debe, akapiga mluzi, akarusha madongo mpaka bega likauma, na kundi la kwelea kwelea likanyanyuka kutoka kwake likaenda kutua kwa walewale waliokuwa wanacheka. Hapo kicheko kikaisha, kila mtu akakamata debe lake.

Mkewe, Lydia, alifariki kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka. Damu ilimtoka, gari likachelewa, na mwanamke aliyeondoka nyumbani akitania kwamba anakwenda kuleta mgeni alirudishwa amefunikwa shuka. Mvua zilikuwa zimeanza. Joshua hakuwa na mama, na ndugu zake walikuwa wametawanyika kila mmoja na riziki yake. Siku za kupanda na kupalilia, jirani yake Hana alimshikia mtoto pamoja na wa kwake. Lakini mpunga ulipotoa masuke, Bahi nzima ilihamia bondeni, Hana naye na watoto wake wote wakubwa. Ndege hushuka kunapopambazuka na hurudi jua linapozama, na mbu wa bondeni nao hutoka saa hizohizo. Ndege na mbu wa Bahi wana ratiba moja. Mwenye shamba na mtoto alitakiwa awe na mikono minne.

Kabla ya tenga alikuwa amejaribu mengine. Alifukiza kinyesi cha ng'ombe chini ya dungu, mtoto akakohoa mpaka akatapika. Alining'iniza matawi ya kivumbasi, yakasaidia kidogo siku ya kwanza, yalipokauka mbu wakayapitia kama hayapo. Mnadani mtu mmoja alimuuzia kichupa cha mafuta ya kujipaka, akimwapia kwamba hata askari huyatumia porini. Joshua alikaribia kumpaka mtoto jioni ileile, kisha moyo ukasita. Alikifunga kichupa ndani ya kanga, akangoja siku ya kliniki.

* * *

Benchi la kliniki lilikuwa la wanawake watupu. Joshua alipoketi mwishoni, mtoto amefungwa kifuani kwa kanga ya marehemu, waliokuwa karibu walisogea. Hawakusogea kwa ubaya, ila kama watu wanaompisha mgonjwa.

"Mama yake ameenda chooni?" mmoja alimuuliza kwa ukarimu.

Mwenzake alimkanyaga mguu. Kila mtu akaanza kumpangusa mwanawe kamasi, hata asiyekuwa nazo.

Nesi Joha alikuwa mwanamke wa sauti kubwa na mikono ya taratibu. Alimtundika Jenifa kwenye mzani, akatazama mshale, akacheka.

"Mtoto ananenepa huyu! Nilidhani nitamkuta mifupa. Haya, na hii chupa ya nini?"

Joshua alimweleza. Joha akaigeuza, akasoma nyuma, akamrudishia.

"Hii ya watu wazima, baba. Mtoto mdogo hivi mkono wote anautia mdomoni, atakula dawa. Usimpake. Mvalishe nguo nyepesi za mikono mirefu, mfunike miguu, na chandarua usikiache. Jua likianza kuzama, awe ndani."

"Ndani wapi, nesi?"

"Ndani ya nyumba. Kwani ndani wapi?"

"Jua linapozama ndipo ndege wanaposhuka."

Joha alibaki na kalamu hewani. Aliwahi kuwaambia maneno yale wanawake wengi, na wote walikuwa wameitikia ndiyo nesi, wakaenda zao mabondeni. Huyu ndiye wa kwanza kumuuliza.

"Huna dada? Shangazi?"

"Sina."

"Upande wa mama yake je?"

"Wako Mlali," Joshua alisema, akaanza kumvalisha mtoto kwa haraka isiyohitajika.

"Mlali si mbali."

"Ni mbali, nesi."

Hakutaka kumweleza kwamba siku ya mazishi mama mkwe wake, mama Loisi, alisimama mbele ya waombolezaji akanyoosha mikono. "Nipe mtoto wa mwanangu niondoke naye. Wewe mwanamume utamlea vipi? Mama yake umeshindwa kumfikisha hospitali, huyu utamfikisha wapi?" Joshua alimkumbatia mtoto akasema hapana, hapana hiyo ikasikika mpaka barabarani. Mama mkwe akaondoka bila kuaga. Tangu hapo hapakuwa na simu wala salamu.

Akiwa njiani kurudi, alipitwa na mchuuzi wa kuku juu ya baiskeli, matenga mawili yamefungwa nyuma. Joshua alisimama akayatazama mpaka yakatoweka vumbini. Jioni ile alianza kushona.

* * *

Mzee Bartolomayo, mwenye shamba, hakuwa mtu mkatili. Alimpa Joshua majaruba yale alime kwa nusu, nusu yake na nusu ya mkulima, na hata siku moja hakuwahi kumtolea neno chafu. Asubuhi aliyokuja kukagua, alipita juu ya tuta mikono nyuma, akasimama mwisho wa shamba, akavunja suke moja na kulifikicha kiganjani. Alipopuliza, yakaruka makapi matupu.

"Mbukwenyi," alimsalimu Joshua kwa Kigogo, alipomwona anateremka dunguni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huku mwisho wamekula."

"Waliniwahi, mzee. Mtoto alikuwa anakunywa maziwa, ile kumfungia vizuri ndiyo wakashuka."

"Mtoto." Bartolomayo aliinua macho akalitazama lile tenga lenye kilemba cha chandarua. Mtoto alikuwa anapiga miguu ndani yake na fito zilikuwa zinatikisika. "Joshua, shamba hili nilimpa mwanamume. Sasa nikitazama naona nusu mwanamume, nusu yaya. Ndege hawajui msiba."

"Nitakaza, mzee."

"Kaza. Kuna vijana wananijia kila wiki wakilitaka. Nimewaambia lina mtu. Usinifanye muongo."

Alimpa mkono, akaenda zake. Joshua alipanda tena dunguni na siku ile alirusha madongo hata ndege walipokuwa hawapo.

* * *

Kwa muda tenga lilifanya kazi. Asubuhi na jioni mbu walitua juu ya chandarua wakatembea huku na huko, na Joshua aliwatazama kwa furaha aliyokuwa hajawahi kuionea mbu. Waliocheka wakaacha kucheka, na mwanamke mmoja wa ng'ambo ya mfereji alikuja kuangalia lilivyoshonwa, akaenda kumtengenezea mjukuu wake.

Lakini mtoto hakai umri mmoja. Jenifa alijifunza kujigeuza, kisha kukaa, na alipojua kukaa tenga likawa gereza. Alikamata chandarua kwa ngumi zote mbili akakivuta. Alilia kilio kilichopita madebe yote ya bondeni, uso umemvimba, machozi na makamasi yakijaa kwenye ile fulana. Joshua alimwimbia, akampa kijiko achezee, akampa suke la mpunga. Alivitupa vyote. Alichotaka kilikuwa mikono.

Jioni moja alimtoa. Alijiambia ni kidogo tu, mpaka anyamaze. Alimpakata, akamzungushia kanga miguuni, akabaki na mkono mmoja wa kumpepea. Kundi likaja. Joshua akapiga kelele, na wale ndege maelfu wakageuka angani kwa pamoja, kama shuka inayokung'utwa, weusi kisha weupe kisha weusi tena. Jenifa alikodoa macho. Halafu akacheka. Hakikuwa kile kicheko cha watoto wachanga cha kukunja midomo usingizini, kilikuwa kicheko chenyewe, cha tumboni, mpaka mwili mzima ukatikisika mikononi mwa baba yake.

Nyumbani kwao hakikuwa kimesikika kicheko tangu mvua zilipoanza. Joshua akapiga kelele tena, ndege wakageuka tena, mtoto akacheka tena, na kwelea kwelea wa Bahi nzima hawakuwahi kufukuzwa kwa bidii kama ile.

Kesho yake alimtoa mapema zaidi. Keshokutwa hakumwingiza kabisa mpaka giza lilipoanza kutanda. Mikono ya mtoto haikukubali kufunikwa, maana aliitumia kuwapungia ndege. Asubuhi Joshua aliviona vidoa vyekundu kwenye vifundo vya mikono na kwenye paji la uso. Akavipaka mafuta ya mgando, akajiambia ni vijipele vya joto.

"Baba Jeni, siku hizi unamtoa?" Hana alimuuliza, akipita na ndoo yake kichwani.

"Analia sana ndani, dada Hana."

"Mwache alie."

"Wewe ungemwacha?"

Hana alimtazama mtoto aliyekuwa akimchekea kwa jino moja, akashusha macho, akaenda zake.

* * *

Homa ilianza kama kitu kidogo. Jenifa alikataa maziwa, akalala mchana mzima, akaamka amechemka. Joshua alimpa dawa ya maji ya homa iliyobaki kwenye chupa, akamkanda kwa kitambaa, na jioni mwili ukapoa. Akashukuru. Kulipoanza kupambazuka alimfunga kifuani akashika njia ya bondeni kama kawaida, maana ndege hawakujua kwamba hakulala.

Walikuwa bado hawajafika mferejini alipohisi mwili ule mdogo unakakamaa. Alifunua kanga. Macho ya mtoto yalikuwa yamegeuka, yanaonyesha weupe mtupu, na midomo ilikuwa ikichezacheza kana kwamba anatafuna. Debe lilimponyoka Joshua likabingirika hadi majini. Aliita jina la Lydia, hakujua kwa nini, kisha akaita la Hana.

Hana alikuja mbio, matope hadi magotini. Alimtazama mtoto mara moja tu.

"Degedege. Sikia, usije ukampeleka kwa mtu wa kuchanja. Panda pikipiki sasa hivi uende kwa nesi. Nenda!"

"Na ndege..."

"Nenda, Joshua! Ndege nitakutazamia mimi."

Kule kwa Joha kidole cha mtoto kilitobolewa, kipimo kikajibu upesi kuliko kawaida, sindano ikachomwa. Degedege likatulia. Joha alivuta ukope wa chini wa mtoto akaona hauna rangi. Kisha alikunja mkono wa fulana, akauona mkono ulivyo. Aliinua macho akamtazama Joshua, naye Joshua akangoja atukanwe. Joha aliukunjua tu mkono wa fulana ukarudi mahali pake, taratibu, akaenda kuita gari.

"Damu imekwisha mwilini," alimwambia alipowapandisha. "Mjini watamwongeza. Usimfunike sana njiani."

* * *

Katika hospitali ya mjini walitoa damu ya Joshua, na mtoto akawekewa damu. Joshua alisimama kando ya kitanda akitazama tone baada ya tone likishuka kwenye mpira, akashika mguu wa bintiye uliokuwa baridi. Alidhani atasimama hapo mpaka mwisho, vyovyote mwisho utakavyokuwa. Lakini muuguzi wa zamu alimgusa bega.

"Baba, mama wa mtoto yuko wapi?"

"Amefariki."

"Pole sana. Lakini wodi hii ni ya akina mama na watoto. Mwanamume halali humu. Leta bibi yake, shangazi, mwanamke yeyote wa kukaa naye."

"Mimi ndiye ninayemlisha, nesi. Mimi ndiye ninayemwogesha. Hamjui mtu mwingine."

"Naelewa, baba. Lakini angalia." Alionyesha kwa kidevu. Kwenye vitanda vyote walikuwa wanawake, wengine wananyonyesha wamejifunika nusu, wengine wamelala wamejinyoosha na kanga zimewatoka. Wote walikuwa wanangoja aondoke ili wapumue. "Utaratibu sikuuweka mimi."

Joshua alitoka nje ukumbini. Namba aliyokuwa akiitafuta ilikuwa bado imeandikwa kama Lydia mwenyewe alivyoiingiza kwenye simu: Mama. Aliibonyeza, akageukia ukutani.

"Shikamoo, mama."

Alisikia jogoo wa Mlali akiwika upande wa pili.

"Mtoto ni mgonjwa," mama Loisi alisema. Hakuwa anauliza.

"Ndiyo, mama. Tuko mjini, hospitali."

"Nakuja."

Simu ikakatika. Jua lilikuwa halijazama alipoonekana getini, mwanamke mwembamba mwenye kifurushi kichwani na viatu vya plastiki vyenye vumbi la safari. Hakumuuliza Joshua chochote. Alielekezwa kitanda, akaingia, na mlango wa wodi ukafungwa. Joshua akabaki nje na kanga ya Lydia mkononi, maana alisahau kumpa.

* * *

Siku zilizofuata Joshua alikuwa mtu wa saa za kutazama wagonjwa. Alimwona bintiye kengele ilipolia, akatolewa kengele ilipolia tena. Alipata pa kulala kwa ndugu wa mama Loisi mtaa wa Chang'ombe, hapohapo mjini, mtu aliyempa mkeka na chakula lakini hakukaa naye kula. Kila asubuhi aliwahi getini kabla halijafunguliwa.

Siku mtoto aliyoanza kushika kikombe mwenyewe, mama Loisi alitoka akaketi kwenye benchi la ukumbini. Joshua alikuwa mwisho wa pili wa benchi hilohilo. Kwao, mkwe na mkwewe hawakai hivyo, na wote wawili walilijua hilo, basi kila mmoja aligeukia upande wake, wakazungumza kama watu wanaoongea na ukuta.

"Amemaliza kikombe kizima," mama Loisi alisema.

"Mungu ni mwema."

"Nilipomwogesha nimemtazama vizuri. Mikono, shingo, paji la uso. Joshua, mtoto ana alama kama aliyemwagiwa mtama."

Joshua alikunja kanga mkononi, akaikunjua.

"Nilimtengenezea chandarua chake, mama. Kilikuwa kizuri. Nikawa namtoa jioni mwenyewe kwa mikono yangu. Alikuwa analia, na akiwaona ndege anacheka. Anacheka kama Lydia, mama. Na kichwa anakirusha nyuma vilevile."

Mama Loisi alikuwa amekuja na maneno. Aliyapanga tangu Mlali, akayanoa njia nzima, maneno ya mwanamke aliyezika binti na sasa anaitwa kumzika mjukuu. Alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Hata mimi ningemtoa," alisema.

Joshua angevumilia zaidi kama angemtukana.

"Msibani nilisema kwa uchungu," mama Loisi aliendelea. "Leo nakuomba. Kwetu kukavu. Mbu wapo, siwezi kukudanganya, lakini si kama bondeni kwenu. Na jioni mimi niko nyumbani, sina ndege wa kufukuza. Daktari kasema mwili huu ukipigwa tena karibuni, hautainuka. Nipe nimlee mpaka apate nguvu."

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka apate nguvu."

Kengele ililia. Mama Loisi akainuka, akaingia ndani.

* * *

Mtoto aliporuhusiwa, bibi na mjukuu walibaki Chang'ombe wakingoja tarehe ya kurudi kupimwa damu. Joshua alirudi Bahi. Alitegemea kukuta makapi. Alikuta mpunga umesimama, umeliwa kingoni na katikati mahali kidogo, lakini umesimama, na Hana yuko juu ya dungu lake Joshua, sauti imemkauka kwa kupiga kelele.

"Wa kwako je, dada Hana?"

"Wamekula upande wa mfereji. Nilikuwa nakimbia huku na huku." Alisema bila lawama, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Jeni anaendeleaje?"

"Anakunywa uji."

"Basi."

Joshua alichukua mundu, akaanza kuvuna shamba la Hana kwanza.

Wakati wa kugawana, mzee Bartolomayo alikuja na mkokoteni kuchukua nusu yake. Aliulizia mtoto, akasema pole na kutikisa kichwa, na pole yake ilikuwa ya kweli. Alipokuwa anaondoka aligeuka.

"Nasikia bibi yake anamtaka. Ni vizuri. Msimu ujao, ukiwa peke yako, shamba ni lako. Hao vijana nitawaambia wasinisumbue."

Alilisema kama anayetoa zawadi, na Joshua akamjibu kama anayepokea. "Ahsante, mzee." Kisha alikwenda nyuma ya lundo la mabua akasimama pale mpaka mkokoteni ulipokwisha kusikika.

Aliyapima yote usiku na mchana kichwani. Alifikiria kuacha shamba akatafute kibarua mjini, lakini kibarua gani humpokea mtu na mtoto mgongoni? Alifikiria kuoa, akaona aibu, maana angemwoa mwanamke kwa ajili ya saa za jioni tu. Kila njia aliyoishika ilimrudisha kwenye lile benchi la hospitali. Mwishowe alijaza mpunga kwenye gunia, akalishona mdomo, akaenda nalo Chang'ombe liwe posho ya mtoto. Mama Loisi alipofungua mlango alilitazama gunia, akaelewa, akamkaribisha bila kuuliza.

* * *

Walimpeleka mtoto Mlali pamoja. Joshua alilala hapo siku moja, kwenye chumba cha wageni, na asubuhi, kukiwa kumepambazuka lakini jua halijachomoza, alitoka na kibegi chake. Basi la asubuhi lilikuwa likipita mapema. Mama Loisi alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba alicholala mtoto.

"Amelala," alimwambia kwa sauti ya chini. "Nenda sasa hivi. Akiamka atanikuta mimi, nitampa uji, atasahau."

"Nitamwamsha, mama."

"Umwamshe ili iweje? Atalia. Kwa nini umtese?"

Joshua aliweka kibegi chini.

"Mama yangu aliniacha kwa mjomba nikiwa nimelala," alisema. "Nilikuwa natembea tayari. Nikaamka nikamtafuta. Chini ya kitanda, zizini, kwenye mahindi. Nilitafuta siku nyingi, mama. Hawakuniambia kitu. Nilidhani mimi ndiye niliyempoteza."

Mama Loisi alimtazama usoni, naye Joshua akamtazama. Tangu alipoanza kumwita mama hawakuwahi kutazamana hivyo. Kisha mwanamke yule akapisha mlangoni.

Ndani kulikuwa na chandarua kipya, cheupe, kimechomekwa vizuri chini ya godoro. Joshua alikichomoa akamgusa mtoto shavu. Jenifa alifungua macho, akayakaza kidogo, akamtambua, akacheka. Alimbeba akamtoa uani. Hewa ilikuwa ya baridi na kavu, na hapakuwa na sauti ya mbu hata mmoja.

"Jeni," alimwambia. "Baba anaondoka. Baba anarudi Bahi, wewe unabaki na bibi. Umenisikia? Nitakuja. Lakini sasa naondoka, na wewe unaniona. Sijakutoroka."

Mtoto alimshika mdomo wa chini akauvuta. Joshua alivitoa vile vidole kimoja kimoja, akamkabidhi kwa bibi yake, akaokota kibegi.

Mwanzoni Jenifa alidhani ni mchezo. Baba alipofika kwenye ua wa miiba aligeuka, naye akampungia mikono kama alivyokuwa akiwapungia ndege. Baba alipofika njiani mtoto alinyamaza. Kisha akaelewa, akalia, kile kilio chake kilichopita madebe ya bondeni. Mama Loisi hakumkimbizia ndani. Alitoka naye mpaka nje ya ua, akasimama peupe ili waonekane.

Joshua alitembea hatua chache akageuka, akainua mkono. Kila alipogeuka kilio kilipanda, lakini aligeuka, akageuka tena na tena, mpaka njia ilipokata kona na shamba la mahindi makavu likawaficha. Aliendelea kusikia. Alifika kando ya barabara bado anasikia, au alidhani anasikia. Akaketi chini kwenye vumbi, akaweka kichwa juu ya magoti.

Basi la asubuhi lilikuja, likapunguza mwendo, likapiga honi kumuuliza kama anapanda. Hakuinua kichwa, maana kile kilio kilikuwa bado hakijamwachia. Likapiga tena, kisha likaenda zake.